Mfumo Mmoja wa Kampuni Nzima au Programu ya Kila Idara?

Oda ya mteja ikiingia kwenye mfumo mmoja wa kampuni nzima, bidhaa inapungua stoo, ankara inatoka na deni linasomeka uhasibuni papo hapo. Kwenye programu za idara mojamoja, oda hiyohiyo huandikwa mara tatu, na mwisho wa mwezi watu wanabishana hesabu ya nani ndiyo sahihi. Hapo mfumo mmoja unashinda, wala sioni ubishi.

Ila kosa nalo husambaa papo hapo: stoo ikiandika katoni badala ya kipande, uhasibu na manunuzi wote wanapata hesabu potofu. Na kuusimika ni kazi. Mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mfumo mpya karibu na msimu wa Halloween (sikukuu ya Oktoba ambapo peremende huuzwa sana), ikashindwa kupeleka oda za takriban dola milioni 100. Programu ndogo ikigoma, inagoma na idara yake tu.

Gharama? Inayotajwa ni leseni. Kusafisha data za zamani na kufundisha watu (wengine watarudi Excel kimyakimya) hakutajwi. Kampuni yenye stoo moja na mhasibu mmoja ningeiacha na programu zake. Stoo zikiongezeka, ningehama, tena nikianza na stoo na uhasibu tu.