Kisahani cha Kuzungusha Kinachoonyesha Jinsi Ubongo Unavyozoea
Kisahani hiki kimeundwa vizuri: ukikikodolea macho kikizunguka kwa sekunde 30, kisha ukatazama picha iliyotulia, picha huonekana ikisogea kinyume, kama yale mawe ambayo msafiri Robert Addams, baada ya kukodolea macho maji yanayoanguka, aliyaona kama yanapanda kando ya maporomoko ya Foyers, Scotland, na kuyaeleza mwaka 1834. Karatasi ya maelezo inayokuja nacho, hata hivyo, inapotosha kwa kudai kwamba macho ndiyo yanayochoka. Nilikitazama kikizunguka kwa jicho moja, kisha nikatazama picha iliyotulia kwa jicho la pili, na mwendo ule ukabaki, ingawa hafifu, kwa kuwa seli za neva zilizopunguza mwitikio wake zimo katika gamba la ubongo (tabaka lake la nje), ambako taarifa za macho yote mawili hukutana. Walimu wa biolojia wakinunue, lakini maelezo wayaandike wenyewe.