Kipimo cha eko ya moyo, kliniki moja mjini Morogoro: nyota nne kati ya tano

Nimepimwa hapa mara mbili, Machi mwaka jana na Mei mwaka huu. Mara ya kwanza presha yangu ilikuwa inagonga 160 kwa 100 hata nikiwa nimepumzika, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, niliyofanyiwa kwingine ilionyesha moyo hauna neno. Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha vingine. Nililipa shilingi 80,000 taslimu.

Mpimaji ni kijana. Aliniamkia, akanilaza ubavu wa kushoto, kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwingine: aliigeuza skrini nikaona mwenyewe. "Mwalimu, huu ndio ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Wako una milimita 13. Kwa mwanamke tunategemea 6 hadi 9." Nikamuuliza kama ndiko kutanuka kwa moyo kunakosemwa mtaani. Akasema hapana, kutanuka ni chumba kuwa kipana. Changu ni cha kawaida, kilichonenepa ni ukuta.

Nafundisha baiolojia, na jibu hilo lilinishika hadi kwa daktari. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hazigawanyiki ila kwa nadra sana. Ukuta ukinenepa maana yake kila seli imetuna. Nani ameiamuru itune? Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, alichukua karatasi akanichorea.

Presha ikipanda, seli inavutwa kila pigo, na homoni ya angiotensini 2 inaigonga kutoka nje. Kalsiamu inaongezeka ndani yake na kuamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hicho kinaivua fosfeti protini inayoitwa NFAT. Ikiwa na fosfeti zake, NFAT hukaa nje ya kiini cha seli, ikivuliwa, inaingia. Ndani inakutana na GATA4, protini nyingine inayoshika DNA, na kwa pamoja zinawasha jeni ambazo moyo ulikuwa unazitumia mtoto akiwa bado tumboni. Wakati huohuo protini zinazoikandamiza MEF2, mwamrishaji wa tatu wa jeni baada ya NFAT na GATA4, zinasukumwa nje ya kiini, nayo inabaki huru. Seli inaanza kujijaza protini za misuli. Njia hii ya kalsinurini ilielezwa mwaka 1998 na Jeffery Molkentin, Eric Olson na wenzao: panya waliotengenezwa ili kalsinurini ifanye kazi muda wote moyoni walinenepa mioyo, kisha mioyo yao ikashindwa kazi.

Moja ya jeni zinazowashwa namna hiyo ni ya BNP, homoni inayotolewa na moyo wenyewe. Ndiyo BNP hiyohiyo inayopimwa kwenye damu daktari anaposhuku moyo umeanza kushindwa. Nilikuwa nikiisikia miaka yote bila kujua kwamba ni sauti ya seli inayovutwa.

Nilipewa losartani, inayoziba mahali angiotensini 2 inapogonga. Daktari alinieleza kuhusu utafiti wa LIFE wa mwaka 2002, watu zaidi ya 9,000 wenye presha na moyo ulionenepa: waliotumia losartani unene ulipungua zaidi kuliko waliotumia atenololi, dawa nyingine ya presha, na kiharusi kilikuwa kichache kwao. Nikameza kila jioni, nikapunguza chumvi, nikaacha dagaa wa kukaushwa kwa chumvi ninaowapenda sana. Mei mwaka huu, kijana yuleyule, chumba kilekile: milimita 11. Nililia pale kitandani.

Nyota moja naiondoa kwa sababu ya ripoti. Ile ya kwanza iliandikwa herufi tatu tu, LVH, yaani kunenepa kwa chumba cha chini cha kushoto cha moyo, na neno la Kiingereza la kusema ni kidogo. Hakuna milimita hata moja! Nilirudi dirishani kudai namba, nikasubiri saa nzima mpaka faili lipatikane. Bila ile 13 kwenye karatasi, 11 ya mwaka huu isingeniambia chochote. Mgonjwa asiyejua cha kudai atatoka pale na herufi tatu, na hilo linaniuma.

Foleni ni ndefu kuanzia saa tatu. Fika saa moja na nusu. Beba khanga, maana utavua hadi kiunoni na shuka zao ni za karatasi. Ukirudi kupimwa tena, omba mpimaji yuleyule, kwa sababu milimita moja inaweza kutokana na mkono wa mpimaji na si moyo wako. Mimi nimeshaandikishwa kwake kwa Mei mwakani.