Tahadhari: Muuzaji wa suti kavu za kuzamia anayeuza na cheti cha mafunzo

Ninawaandikia wote wanaotaka kujifunza kupiga mbizi kwa suti kavu, yaani lile vazi lisiloingiza maji ambalo mzamiaji wa maji ya baridi huvaa juu ya nguo nzito za joto, ili wajihadhari na muuzaji mmoja anayetangaza suti zilizotumika pamoja na kile anachokiita “mafunzo kamili”. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewafaa, kwa kuwa amekwisha kulibadilisha angalau mara moja tangu nimfahamu. Mbinu zake ndizo hazibadiliki, na ndizo ninazotaka muzitambue.

Husema kwamba suti imeingia majini mara chache tu, kwamba yeye mwenyewe ameacha uzamiaji, na kwamba atakayeinunua atatumiwa video za mafunzo na cheti bila kulazimika kuingia bwawani na mkufunzi. Nilikuwa nimekwisha kupata cheti cha mwanzo cha uzamiaji, na nilidhani suti kavu ni vazi tu kama koti la mvua. Basi nikalipa kwa njia aliyoichagua yeye, ambayo haimpi mnunuzi nafasi yoyote ya kudai fedha zake. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini urahisi wa bei ulikuwa umekwisha kunipumbaza.

Suti ilipofika ilikuwa ikinuka gundi. Mpira wa shingoni, ambao ni wa lateksi, ulikuwa umepakwa poda nyingi, na nilipoipangusa niliona kwamba unanata vidoleni na una nyufa ndogo ndogo kama za tairi kuukuu. Lateksi ikifika hapo haitibiki, hubadilishwa. Zipu ya shaba inayopita mgongoni, kutoka bega hadi bega, ilikuwa na meno mawili yaliyopinda, yakafunikwa kwa nta. (Kupaka nta zipu za namna hiyo ni jambo la kawaida, tena ni matunzo mazuri, yeye aliifanya pazia.) Picha zote alizonitumia zilipigwa kwa mbele. Nilipomweleza kwamba shingo inanibana hata kichwa kinakuwa chepesi, alijibu kwamba nitazoea, ilhali mpira unaobana mno hukandamiza mishipa ya shingo na unaweza kumfanya mtu azimie akiwa majini.

Niliipeleka suti kwa mkufunzi anayefundisha somo hili. Aliziba shingo na mikono, akaijaza hewa, akaipaka maji ya sabuni, na mapovu yakachomoza kwenye zipu, kwenye mshono wa mguu, na pembeni mwa kiraka cha kijivu kilichobandikwa kwenye goti la kushoto. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, kwa hiyo mtu aliyelowa nguo za ndani katika maji ya baridi hana muda mrefu kabla ya kuanza kutetemeka na kupoteza umakini. Hata hivyo, mkufunzi aliniambia kwamba kuvuja ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa vali ya kutolea hewa, ile ya juu ya mkono wa kushoto, ambayo ilikuwa imeganda kwa chumvi na haikufunguka hata ilipobonyezwa kwa nguvu.

Hapa inanibidi nieleze kidogo, kwa sababu ndipo ubovu wa suti na uongo wa cheti vinapokutana. Mzamiaji anaposhuka, hewa iliyo ndani ya suti husinyaa: katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na ujazo wa hewa hubaki nusu, hivyo suti humbana mwili mzima na inambidi aongeze hewa kwa vali ya kifuani iliyounganishwa na mtungi. Anapopanda, hewa hiyo hutanuka tena. Ikikosa pa kutokea humnyanyua, na kadiri anavyopanda ndivyo inavyozidi kutanuka, mpaka aibuke kwa kasi inayoweza kumpasua mapafu au kumletea ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi yanayojitokeza katika damu na mwili mtu anapopanda haraka mno. Tena hewa ikikimbilia miguuni humpindua kichwa chini, na hapo hata vali nzima haimsaidii, kwa kuwa hewa yote iko juu yake. Namna ya kujikunja, kubiringika na kurudi wima, na namna ya kuchomoa bomba haraka pale vali ya kifuani inapokwama ikimimina hewa, ni mambo ambayo mtu huyarudia majini mbele ya mkufunzi hadi mikono iyajue bila kufikiri.

Ndiyo maana kozi ya suti kavu ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aanzie bwawani au katika maji tulivu mfano wake, kisha apige mbizi mbili katika maji wazi pamoja na mkufunzi. Cheti nilichotumiwa kilikuwa na nembo yenye ukungu na namba ya mkufunzi ambayo, nilipoiulizia, haikuwa ya mkufunzi yeyote.

Yeyote anayefikiria kununua suti iliyotumika, kwa mtu huyu au kwa mwingine, adai picha ya zipu yote kwa karibu, picha ya mpira wa shingoni ukiwa umevutwa, na video ya suti iliyojazwa hewa huku vali zote mbili zikibonyezwa. Mimi nilipomdai alinikasirikia, kisha akaniahidi kunirejeshea fedha nikimrudishia suti kwa gharama yangu. Nilimrudishia. Fedha hazikuja, akaunti ikafungwa, na baada ya wiki kadhaa niliiona suti ile ile ikitangazwa kwa jina jingine, kwa maneno yale yale, ikiwa na kiraka chake cha kijivu kwenye goti la kushoto.