Nyota tatu, hapana, mbili: huduma ya kutambua nyuki iliyonitaka nimuue kwanza

Ni huduma ya simu: unapakia picha za nyuki na jina unalodhani ni lake, wahakiki wanakubali au wanapinga kwa kura. Bei yake na ukubwa wake kwenye simu mtaangalia wenyewe. Mimi nina neno na mhakiki mmoja tu, yule aliyeniandikia "Hiyo ni Amegilla ya kawaida. Bila nyuki aliyechomwa pini usibishe" chini ya picha zangu tano za pembezoni mwa msitu wa Mabira, Uganda, majira ya mvua yaliyopita. Mimi nilikuwa nimeandika Thyreus, jenasi (kundi la spishi za karibu) tofauti na Amegilla; yeye anataka nyuki aliyeuawa na kuchomwa pini ndipo aamini. Salamu hakuna, asante kwa picha hakuna. Hata mtoza ushuru wa sokoni husalimia kwanza.

Haya, tuitazame picha. Nyuki ni mweusi mwenye mabaka ya buluu hafifu. Nimesema mabaka, sikusema mistari. Amegilla ana mistari inayovuka tumbo toka ubavu hadi ubavu, kama fulana ya mpira. Huyu ana baka kushoto na baka kulia, na katikati ya mgongo ni peusi tii. Huyo ni Thyreus, nyuki mwizi. Hachimbi shimo wala habebi chavua. Anavizia mashimo ambayo Amegilla huyohuyo amechimba kwenye kingo na kuta za udongo, anaingia mwenye shimo akiwa hayupo, anataga yai lake kwenye chumba cha mtoto wa watu. Ukimwona Thyreus ujue mwenye nyumba yuko karibu, na kwamba mwizi ni mchache kuliko anaowaibia. Kwa hiyo jibu la "ya kawaida" lingetolewa baada ya kufungua picha zote, si ya kwanza peke yake.

Picha ya tatu ndiyo inayonichoma. Nimeipiga kutoka juu, pale kifua kinapokutana na tumbo. Kwa Amegilla sehemu hiyo ni ya mviringo, imejaa manyoya, hakuna kona. Kwa Thyreus kuna kibao bapa kimejitokeza kuelekea nyuma, ukingo wake umeingia ndani katikati, pembe zake zimebaki kama meno mawili. Yanaonekana wazi hata kwenye simu ya bei rahisi. Mtu anayejiita mhakiki akayaruka!

Nitatenda haki kidogo. Picha ya kwanza ni mbaya na kosa ni langu. Taa ya simu hupausha buluu ikawa nyeupe, na nyuki mwenye mabaka meupe yaliyofifia anaweza kumchanganya yeyote. Dawa ni kubandika kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya taa, tabaka moja likunjwe mara mbili, au kuacha taa kabisa na kusubiri kivuli chepesi. Zima pia ule urembo wa kamera unaolainisha sura, maana unalainisha na manyoya ya nyuki. Saa nzuri ni alfajiri, kabla jua halijapasha majani: Thyreus hulala nje, ameuma kijiti kwa taya, miguu imekunjwa, unamzunguka upendavyo. Lakini usimtaje kwa sababu ya kulala hivyo tu. Madume ya Amegilla nao hulala wameuma vijiti, mara nyingi kundi zima kwenye shina moja. Mchana mtafuteni kwenye maua ya mujaaja, mmea wa jamii ya mrehani.

Mguu wa nyuma nao una mtego. Jike la Amegilla lina brashi nene ya kubebea chavua, Thyreus hana. Ila dume la Amegilla nalo halina brashi, kwa hiyo mguu mtupu peke yake si ushahidi. Hesabu vipande vya kipapasio: jike 12, dume 13. Wangu ni 12 na mguu mtupu. Niliyaandika yote hayo kwenye maelezo, na maelezo yanakaa palepale juu ya kisanduku alichochapia jibu lake.

Kuhusu pini, ana nusu ya hoja. Kutenganisha spishi moja ya Thyreus na nyingine mara nyingi hutaka nyuki mkononi na hadubini, hilo silibishi. Sikuandika spishi, niliandika jenasi, na jenasi picha inatosha. Tena Mabira ni hifadhi ya misitu ya serikali, si kichaka cha mtu kuingia na chupa ya sumu bila kibali.

Kilichofuata ndicho kilichoshusha nyota. Wawili wakipingana, mfumo hauangalii nani ametoa sababu. Unarudi nyuma hadi kundi linalowajumuisha wote. Thyreus na Amegilla wote ni wa Apidae, familia kubwa ya nyuki, basi ripoti yangu ikapelekwa Apidae, humo alimo nyuki wa asali, nyuki weusi wanaotoboa boriti na wale wadogo wasiouma. Ni sawa na kuulizwa unakaa wapi ukajibu "Afrika Mashariki". Anayetafuta Thyreus wa Uganda hataiona.

Ramani yao, nakiri, ni nzuri kuliko zote nilizotumia. Inakuruhusu kuchora duara la uhakika, mita 10 au mita 500, badala ya kukulazimisha kudanganya kwa nukta moja. Tarehe na mahali inasoma yenyewe kutoka kwenye picha, mradi upakie faili halisi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inafika imevuliwa vyote viwili. Kata picha nyuki ajaze nusu ya fremu, ila tunza ya asili. Kwa hayo nilikuwa naandika nyota nne.

Nimeingia tena kabla ya kutuma haya. Nilimjibu mhakiki kwa adabu, nikamwekea picha ya tatu peke yake na mshale mwekundu kwenye yale meno mawili. Ameisoma, alama ya kusomwa ipo. Kura yake hajaiondoa, na ripoti bado iko Apidae. Mbili.