Phaedra, na fundi redio wa Kirumba

Kijana mmoja aliniletea simu nimbadilishie tundu la chaji, na alipokuja kuichukua akanirushia albamu kwenye memori kadi. "Fundi, sikiliza hii. Haina anayeimba." Nikaitikia kwa heshima tu. Mimi ni mtu wa rumba. Sebene lisipoingia, kwangu wimbo bado haujaanza.

Inaitwa Phaedra, kazi ya kundi la Kijerumani, Tangerine Dream, enzi hizo wakiwa watatu: Edgar Froese, Chris Franke na Peter Baumann. Waliirekodi Uingereza mwishoni mwa 1973, ikatoka Februari 1974. Ina vipande vinne, na cha kwanza peke yake kinakula zaidi ya dakika 17.

Kosa langu ni kuifungulia kibandani saa saba mchana kwenye spika ndogo, bodaboda zinapiga honi na jirani yuko na singeli yake. Nikaambulia mvumo na vijisauti. Mke wangu alipoleta chakula akasimama mlangoni: "Baba mapacha, hii nayo ya nani? Mbona haijapona?" Alidhani ni redio ya mteja.

Wiki ile ilikuwa giza la mwezi. Sisi tunakaa mlimani huku Bwiru, Mwanza, katikati ya mawe, na usiku kama huo ziwani unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka macho yanapokoma. Umeme ulikuwa umekatika. Nikatoka nje na hedifoni, nikakaa juu ya jiwe, nikaanza upya.

Kumbe kuna besi! Spika yangu ilikuwa imeimeza yote. Noti fupi za chini zinakuja moja moja, zinajirudia, kama mashine ya mtumbwi inayokaribia bila kufika. Hiyo ndiyo kazi ya sikwensa: safu ya vitufe vya kuzungusha, kila kimoja umekitegea volti yake inayoamua noti, na mashine inavipitia kwa zamu, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Mpigaji haigusi kila noti. Anachofanya ni kubadilisha kitufe hiki, kuongeza mwangwi pale, na muziki unageuka taratibu hata usijue umegeuka saa ngapi.

Sasa sikiliza karibu na dakika ya 10. Sauti inaanza kuteleza, inashuka, inahama kwenye noti yake. Wenyewe hawakuipanga hiyo. Mashine zao za Moog, yaani sinthesaiza zinazotengeneza sauti kwa umeme, zilikuwa za analogi, zikapata joto, tuni ikahama, nao wakaiacha kwenye rekodi. Nilicheka peke yangu pale jiweni. Sisi mafundi ugonjwa huu tunaujua: redio ya zamani unaishika stesheni asubuhi, ikichemka mchana stesheni imekimbia, na mteja anakuja juu. Miaka yote nimelipwa kuuondoa, na hapa ndio unaoufanya wimbo upumue.

Kipande cha pili hakina sikwensa mbele. Kimebebwa na Mellotron ya Froese. Hicho ni kinanda ambacho chini ya kila kitufe kuna utepe wake wa sauti zilizorekodiwa, na hedi yake ya kuusoma. Ukibonyeza, utepe unatembea kama sekunde 8, kisha lazima uachie urudi. Aliyewahi kunyoosha kanda iliyoliwa na deki atasikia ule mtetemo kidogo kwenye vinanda na kuutambua. Mimi nimekirudia mara nyingi kuliko cha kwanza.

Cha tatu kizuri ila kimekaa kama ndugu mdogo. Cha nne ni filimbi ya Baumann, dakika 2 na kidogo, unakizoea tu kimeisha.

Lawama ninayo: mwanzo wa kipande cha kwanza unajivuta, na anayetaka maneno ya kuimba bafuni asijisumbue. Wala usiipime kwa spika ya simu, utaitukana bure. Ukiwa na hedifoni nzuri na usiku mtulivu, mimi naipa nne na nusu kwa tano.

Kijana amerudi juzi, tundu limelegea tena. Nimelitengeneza bila malipo, kwa sharti aniletee Rubycon, ile waliyoitoa 1975.