Bango lililotupeleka kwenye mabati, mimi na mama

Mwanzoni niliyasifia mno haya mabango ya kidijitali ya mtaani yanayojua ulipo. Unawasha blututhi, unaandika unakokwenda, na mshale mkubwa unatokea kwenye kioo. Nyota tano, nilimwambia kila mtu.

Juzijuzi nikawa na mama. Magoti yanamsumbua, anatembea kwa mkongojo, na tulikuwa na miadi kliniki. Bango likasema mita 200, kushoto. Tukashika kushoto. Kila hatua chache mama anasimama, anaegemea ukuta, anavuta pumzi, kisha ananiambia, "Haya, twende." Tulipofika tukakuta mabati yamezungushiwa shimo la ujenzi. Hakuna kliniki wala mlango.

Mlinzi wa pale alimwamkia mama, akampa kiti chake, ndipo akanigeukia: "Kliniki mmeiacha nyuma. Lile bango lilikuwa ng'ambo ya barabara. Walipochimba mtaro wakalihamisha, wakaligeuza. Ninyi si wa kwanza."

Damu ilinichemka. Simu ikikosea katikati ya maghorofa naelewa, maana mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla hayajaifikia. Lakini bango limefungwa kwa boliti! Halina haja ya kukisia lilipo. Aliyelihamisha ndiye wa kuingia kwenye mfumo na kubadilisha mahali na upande linakotazama. Hakufanya, mama yangu akalipia kwa magoti.

Nikapiga namba iliyobandikwa ubavuni mwa bango, niliyokuwa nimeipiga picha. Dada aliyepokea akasema, "Kwenye mfumo linaonekana liko sawa." Nikamwambia mama amekaa nje ya mabati, hawezi kusimama. Akanijibu, "Labda kaka umesoma mshale vibaya." Akakata. Hata pole hakusema.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kutujua sisi wapita njia hakujawahi kuwashinda watu wa biashara hii. Mwaka 2013 kule London mapipa ya taka yenye skrini yalibainika kunasa namba za utambulisho za simu za wapita njia kwa waifai, hadi mamlaka ya City of London ikataka yakomeshwe. Mimi najulikana nilipo, bango lenyewe halijijui lilipo!

Nyota moja. Ila haki yake nimpe: usiku kituoni, kioo kama hicho kimeniambia basi liko dakika ngapi, na sijawahi kuachwa. Basi mbili. Hapana, nikikumbuka lile jibu la simu, moja inatosha.

Nimepita tena pale majuzi. Mshale bado unaelekeza kwenye mabati. Kijana mmoja alikuwa anausoma, nikamwambia, "Mdogo wangu, kliniki iko kulia." Akanitazama, akatazama kioo, akashika kushoto. Ikabidi nimkimbilie.