Kamba wa mapambo: wa kununua na wa kuacha kwa maji ya Arusha na Moshi

Kabla hujauliza bei ya kamba, wale wadogo wa kufuga kwenye tangi la kioo, pima maji ya bomba lako. Wengi wetu tunaanza na rangi, tunaishia kuzika.

Maji mengi ya Arusha yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kila mtu anajua habari ya floridi na meno ya kahawia, ila kinachomsumbua kamba zaidi ni kwamba maji haya mara nyingi yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki chache ili akue, na gamba jipya linahitaji kalsiamu. Akiikosa, utaona mstari mweupe umemzunguka katikati ya mwili, gamba limepasuka na yeye hawezi kutoka. Wengi wakifika hapo hawaponi. Kwa hiyo usinunue kipimo cha pH, yaani ukali wa asidi, peke yake. Nunua kinachopima GH, yaani kalsiamu na magnesiamu, pamoja na KH, yaani kabonati zinazoshikilia pH isiyumbe. GH ikiwa chini ya 6, ongeza chumvi maalumu ya kamba. Kutupia kipande cha chokaa au ganda la konokono hakusaidii sana kwenye maji ya pH 8, kwa sababu haviyeyuki humo.

Moshi mna bahati ya chemchemi za Kilimanjaro. Shida yenu ni joto la Januari na Februari. Weka tangi chini, chumba cha ndani, mbali na dirisha la magharibi.

Sasa kamba wenyewe, kwa mpangilio ambao ningempa ndugu yangu.

Wa kwanza, bila kusita, ni cheri mwekundu, Neocaridina davidi. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na anavumilia pH ya 6.5 hadi 8 na joto la nyuzi 18 hadi 26. Ndiyo kusema nyumba nyingi za Arusha hazihitaji hita hata Julai. Atazaa polepole tu. Chukua daraja la kawaida, wale wenye wekundu uliopaukapauka, kumi kwa mpigo. Usilipie wale wekundu kama damu ukiwa bado unajifunza. Jike aliyekomaa ana tandiko la manjano mgongoni, nyuma ya kichwa: ni mayai yanayosubiri. Akishajivua gamba na kupandwa, mayai 20 au 30 hushuka chini ya tumbo, na utamkuta kutwa nzima akiyapepea kwa miguu yake ya kuogelea. Wiki tatu au nne baadaye wanatoka watoto wadogo kuliko punje ya mchele, tayari wana umbo la mama yao. Mimi mpaka leo nikiwaona naita watu wa nyumbani waje kutazama.

Wa pili ni ndugu zake wa bluu na wa njano. Ni spishi ileile na matunzo ni yaleyale, bei tu ndiyo huwa juu kidogo. Chagua rangi moja kwa tangi moja. Ukiwachanganya watapandana, na baada ya vizazi vichache utabaki na kamba wa kahawia kama wale wa porini.

Wa tatu ni Amano, aliyepewa jina la Mjapani Takashi Amano, aliyemtumia kusafisha mwani kwenye matangi yake ya mimea. Anafika sentimita 5 na kwa kula mwani hana mpinzani. Lakini watoto wake wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, kwa hiyo idadi uliyonunua ndiyo utakayobaki nayo. Mtu akikwambia "hawa watazaa wajae tangi", mwache.

Kamba wakubwa wa Afrika Magharibi wanaochuja chakula kwa mikono kama feni wanavutia sana, ila wanataka mkondo mkali wa maji na tangi lililokomaa. Umeme wetu ukikatika saa nane mfululizo, hao ndio watakaokutia presha.

Wa mwisho ni kristali, wale wa mistari myekundu na myeupe waliozalishwa Japani miaka ya 1990. Wanataka maji laini yenye asidi, pH chini ya 7, KH karibu na sifuri. Hayo ni kinyume kabisa cha maji ya magadi. Kama huna mashine ya kuondoa madini yote, hapa Arusha waache.

Tangi la lita 40 linatosha, na kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Vile vya kunyonya kwa nguvu humeza watoto. Liwashe na kulipanda mimea mwezi mzima kabla ya kamba. Samaki wa guppy usiwaweke humo, watakula watoto.

Jambo moja lilinigharimu kundi zima. Majani makavu ya mgomba ni chakula kizuri cha kamba, na huku kwetu ni ya bure. Niliokota yangu kwenye shamba la migomba iliyochanganywa na kahawa, nikayasuuza, nikayazamisha jioni. Asubuhi kamba wote walikuwa wamelala ubavu. Kahawa hupigwa dawa ya shaba, mrututu na jamii yake, na shaba kidogo tu humwua kamba. Chukua majani kwenye migomba ambayo haijawahi kukaribiana na bomba la dawa, au wape mchicha uliochemshwa kidogo.

Dukani, tazama kabla ya kulipa. Kamba mzima hachoki kuokotaokota kwa mikono yake midogo; aliyesimama tu kimya, au mwenye vinyuzi vyeupe puani, mwache. Muulize muuzaji: hawa wamezaliwa hapa au wameshuka na basi jana kutoka Dar? Waliozaliwa kwenye maji ya Arusha ningewalipia hata mara mbili. Kama ni lazima waletwe kutoka Dar, zaidi ya kilomita 600, waje na basi la usiku kwenye boksi la povu, mfuko ukiwa na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili.

Wakifika, usiwamwage. Wamimine na maji yao kwenye ndoo safi, nunua mpira wa dripu duka la dawa, uvute maji ya tangi yadondoke tone moja au mawili kwa sekunde kwa saa mbili. Kisha wahamishe kwa kijiwavu, maji ya mfuko yamwagie maua, wala usiyapeleke mtoni. Zima taa, na chakula kisubiri kesho.